Saini (sin) na kosaini (cos) kwa kanuni ya mnyororo: anza nje, malizia ndani

Mwanafunzi wa S5 (kidato cha tano Uganda) akiulizwa derivativu (mteremko, yaani kasi ya kubadilika) ya sin x, hajiulizi mara mbili: cos x. Ya cos x ni −sin x. Shida huanza x inapogeuka kuwa x² au 100πt. Hapo ndipo tunahitaji kanuni ya mnyororo, ya kutafuta derivativu ya kitu kilicho ndani ya kingine.

Hatua ya 1. Kabla hujaandika chochote, fikiria unakokotoa kwa kalkuleta. Kitufe cha mwisho ni kipi? Hicho ndicho cha nje. Kwa sin(x²) unapiga mraba kwanza, sin mwisho; sin iko nje. Kwa sin²x, yaani (sin x)², ni kinyume, mraba uko nje. Ukikosea hapa, hesabu yote imeharibika.

Hatua ya 2. Tafuta derivativu ya nje. Ya ndani usiiguse.

Hatua ya 3. Zidisha kwa derivativu ya ndani.

sin(x²) → 2x cos(x²)
sin²x → 2 sin x cos x

Tabaka zikiwa tatu, endelea kushuka:
cos³(5x) → 3cos²(5x) × (−sin 5x) × 5 = −15 cos²(5x) sin(5x)

Umeme wa majumbani Uganda ni volti 240, hezi 50. Kwa makadirio, v = 340 sin(100πt), t ikiwa sekunde; 340 ni kilele cha volti (240 × √2), na 100π ni 2π × 50. Derivativu ni 34,000π cos(100πt). Pale t = 0 volti ni sifuri, lakini inapanda kwa kasi ya volti 107,000 hivi kwa sekunde! Aliyesahau 100π ataandika 340 tu.

MASWALI (jina la mbele ni mji wa muulizaji)

Arua: Mwalimu, mteremko wa sin x kwenye digrii 60 si 0.5? Nimejaribu kwa hatua ndogondogo kwenye kalkuleta, napata 0.0087.

Jibu: Kalkuleta yako iko kwenye digrii. Digrii x ni radiani πx/180, kwa hiyo kuna cha ndani ambacho hukukiona. Zidisha 0.5 kwa π/180, utapata hiyo 0.0087. Kwenye kalkulasi tumia radiani.

Jinja: Lazima niipe ya ndani jina, kama u = x², kila mara?

Jibu: Si lazima. Ila tabaka zikifika tatu, mimi ningeandika.

Bombo: Na x² sin 4x, mwalimu?

Jibu: Hapo kuna kuzidisha, kwa hiyo kanuni ya zao inatangulia, mnyororo unaingia kwenye sin 4x peke yake: 2x sin 4x + 4x² cos 4x.