Namna ya Kushiriki Katika Utungaji wa Kanuni za Huduma za Umma California
Tume ya Huduma za Umma ya California, iliyoanza ikiwa tume ya reli na kupewa jina lake la sasa mwaka 1946, ina makamishna 5 wanaoteuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti ya jimbo kwa vipindi vya miaka 6 visivyoanza pamoja. Hata hivyo, anayetaka kugusa kanuni za umeme, gesi au maji asianze na wao.

Soma kwanza amri inayofungua shauri la kutunga kanuni, kisha omba kuwa mhusika, yaani mshiriki rasmi wa shauri hilo, maana barua ya mtu wa nje, hata ikiwa na hoja nzito, haihesabiwi kuwa ushahidi. Rasimu ya uamuzi ikishatolewa, kwa kawaida na hakimu wa kiutawala (afisa wa tume anayesimamia shauri), wahusika huwa na siku 20 za kuwasilisha maoni na siku 5 zaidi za kuwajibu wenzao. Hapa ndipo wengi hupoteza nafasi: onyesha kosa la ukweli, la sheria au la kiufundi lililomo ndani ya rasimu yenyewe, kwa sababu hoja za awali zikirudiwa tu hazipewi uzito wowote.

Makamishna hupiga kura katika kikao cha hadhara. Asiyeridhika huomba shauri lisikilizwe upya, kwa kawaida ndani ya siku 30, kabla ya kwenda mahakamani.