Kununua vitabu kwa haki: utaratibu ninaoufuata ninapojaza rafu

Nanunua vitabu vya maktaba ndogo ya shule moja hapa Dar es Salaam. Miaka michache iliyopita nilichukua nakala 40 za kitabu cha fasihi kwa muuzaji aliyenipa bei ya kutupa. Wiki ya pili mwanafunzi akaniletea nakala yake: baada ya ukurasa wa 64 unakuja wa 81. Vitabu vingi hupigwa chapa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa ikatoa kurasa 16, na hapo fungu zima lilikuwa limerukwa. Nikafungua nakala nyingine, hali ni ile ile. Zilikuwa za wizi, zimechapwa bila ruhusa ya mwenye kitabu. Mwandishi hakupata senti, watoto hawakupata hadithi nzima, na karatasi zote zile zikaishia kufungia maandazi.

Tangu siku hiyo sinunui kabla ya kupitia hatua hizi.

Hatua ya 1: Tafuta cha kuazima kwanza

Kitabu utakachokisoma mara moja, kiazime. Maktaba Kuu ya Taifa ipo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, na mikoani zipo maktaba za umma. Hadithi za watoto wadogo unaweza kuzipata bure na kihalali kwenye tovuti ya African Storybook, zikiwemo za Kiswahili. Wenyewe wameruhusu zisomwe na kuchapwa.

Hatua ya 2: Jiulize mwandishi wake yuko wapi

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko pote, kwa sababu watu wengi wanaojali mazingira husema "nunua mtumba" wakaishia hapo. Kitabu kipya kikiuzwa, mwandishi hupata mrabaha, yaani fungu lake la bei, mara nyingi karibu asilimia 10. Kwa kitabu cha shilingi 15,000, tuseme 1,500. Kikiuzwa tena kama mtumba hapati kitu, na hilo si dhuluma, maana alishalipwa nakala ile ilipouzwa mara ya kwanza. Lakini mwandishi wa Kiswahili aliye hai, ambaye toleo lake ni la nakala chache, anazihitaji hizo 1,500, na mchapishaji wake anahitaji kuona kitabu kinatoka ili akubali kutoa cha pili.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mwandishi wa kwetu aliye hai, namnunulia kipya. Riwaya ya nje iliyokwisha kuuzwa nakala mamilioni, nachukua mtumba bila wasiwasi. Kipya cha kwetu natafuta kwa wachapishaji wenyewe, mfano Mkuki na Nyota, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Walter Bgoya, aliyewahi kuiongoza Tanzania Publishing House.

Hatua ya 3: Kagua mtumba kabla ya kuuliza bei

Wauzaji wanaotandaza vitabu pembeni mwa barabara maeneo ya Posta wana hazina, nenda na muda. Fungua katikati unuse: harufu ya ukungu ikikupiga, kiache, kitaambukiza rafu nzima. Tazama mgongoni kwenye gundi kama kuna vitundu vya wadudu.

Kisha tafuta mihuri. Kitabu chenye muhuri wa shule au maktaba, bila alama kwamba kimeondolewa kwenye orodha, huenda kimeibwa. Vitabu vya kiada vilivyoandikwa "Mali ya Serikali" ndiyo usiguse kabisa. Kuna mtoto mahali fulani anasoma bila hicho.

Hatua ya 4: Hakikisha kipya ni halisi

Geuza ukurasa wa hakimiliki. Pawepo jina la mchapishaji, mwaka na ISBN, yaani namba ya kukitambulisha kitabu, nayo ISBN ifanane na ile iliyo juu ya msimbopau wa jalada la nyuma. Ikianza na 978 9976 au 978 9987, mchapishaji ni wa Tanzania. 978 9966 ni wa Kenya. Maharamia hunakili hata namba, kwa hiyo usiishie hapo. Picha za kopi hufifia na kuwa kijivu, mistari hulala upande, na ukikifungua sana kurasa huanza kuchomoka. Hesabu kurasa. Mimi sasa nazihesabu hapo hapo dukani, muuzaji akinuna na anune.

Zile PDF zinazouzwa shilingi 1,000 kwenye makundi ya WhatsApp ni wizi ule ule. Muulize mwandishi mwenyewe. Wengi huuza nakala za kusomea kwenye simu moja kwa moja, na fedha yote inafika kwake.

Hatua ya 5: Tazama karatasi, kisha safari

Nembo ya FSC, shirika lililoanzishwa mwaka 1993, inaonyesha karatasi imetoka kwenye misitu inayotunzwa, au imetengenezwa kwa karatasi zilizokwisha kutumika ikiwa imeandikwa Recycled. Ukiikuta, vizuri. Usiache riwaya ya Kiswahili kwa sababu haina nembo hiyo.

Safari ina uzito wake. Mzigo wa ndege huchafua hewa makumi ya mara kuliko ule ule ukija kwa meli. Ukiagiza nje, changeni watu kadhaa, muagize kwa pamoja, msubiri meli. Ndugu mlioko Ulaya na Marekani mna njia nyepesi: African Books Collective, iliyoanzishwa mwaka 1989 na inayomilikiwa na wachapishaji wa Kiafrika, huchapa nakala huko huko mliko pale inapoagizwa. Hakuna ndege, wala maboksi yanayooza ghalani.

Hatua ya 6: Kifanye kidumu

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, basi nenda na kikapu. Nyumbani kifunike kwa karatasi ya kaki au kalenda ya mwaka uliopita, si nailoni, maana kwa joto letu la pwani nailoni hufungia unyevu ndani. Ndani ya jalada bandika karatasi ya majina ya wanaoazima. Zile nakala 40 tulizozinunua upya, halisi safari hii, nyingine tayari zimebandikwa karatasi ya pili.