Bei ya Askari na Nafasi za Watu: Mchezo wa Zamu wa Vita vya Mirambo

Ukitengeneza mchezo wa zamu kuhusu Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, na Waarabu wa Tabora, walioanza kupigana mwaka 1871, panga vijiji kabla ya askari. Kijiji kitoe nafaka 10 kila zamu na nafasi 4 za watu, yaani kikomo cha watu unaoweza kuwa nao. Kila upande uanze na vijiji 3: nafaka 30, nafasi 12.

Rugaruga (askari wa vita hivyo) wa mkuki: bei 20, nafasi 1, posho nafaka 1 kwa zamu. Nafasi zikijaa, posho inakula 12, zinabaki 18. Posho ikiwa 2 zinabaki 6 tu. Akiba haijengeki, na aliyeshindwa pambano la kwanza huinuka kwa taabu.

Mwenye gobore: shambulio na uhai mara mbili ya rugaruga, nafasi 2, posho 2. Bei isiwe 40. Weka 45, kwa sababu mraba wa ubao unabeba askari mmoja, na kwenye mlango wa boma huyu mmoja anawazidi nguvu wawili wanaomjia kwa zamu.

Sasa pima. Kwa nafaka 180 unapata rugaruga 9 au magobore 4. Mbugani, ambako wote hupigana pamoja, zidisha idadi kwa idadi, kisha shambulio na uhai: rugaruga 9×9×1×1 ni 81, magobore 4×4×2×2 ni 64. Rugaruga washinde hapo, magobore yashinde mlangoni. Magobore yakitamba kotekote, ongeza bei 5 tu na usiguse nafasi; ukibadili vyote hutajua kipi kimetibu.

Mpagazi wa njia ya Ujiji: bei 10, posho 1, alete nafaka 4 kila zamu. Bei yake inarudi zamu ya nne. Lazima ale nafasi 1, la sivyo kila mchezaji atajaza wapagazi na vita haitaanza.