Jinsi ya kuomba leseni ya kuuza mbege unayoipika nyumbani

Mbege nilifundishwa na bibi, jikoni kwake, mlimani Kilimanjaro. Ndizi mbivu zinachemshwa mpaka ziwe nyekundu ya udongo, zinaachwa siku kadhaa zichachuke. Hiyo ndiyo nyalu. Pembeni unaotesha ulezi, unauanika, unausaga, unaupika uji unaoitwa mso. Nyalu ikishachujwa unachanganya na mso, unatia msesewe, gome la mti, kwa ule uchungu wake, na kesho yake una pombe. Nimeipika miaka mingi kwa kuipenda tu, pipa moja, na majirani hukaa kihambani, shambani pangu pa nyumbani, jioni tukinywa kwa zamu kwenye kata moja ya kibuyu.

Halafu inafika siku mtu anasema, "Mama, mbona usituuzie? Tunaona aibu kunywa bure kila Jumapili." Mwongozo huu ni kwa ajili ya siku hiyo.

Wapi leseni inaanzia

Ukipika kwa ajili ya wageni wako, kipaimara cha mtoto au matanga, hujauza kitu. Leseni ya vileo ni ya mauzo, na msingi wake ni Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, Sura ya 77. Ila ukipokea hela kwa kila kata ya pombe, hata ukiita mchango wa kuni, mkaguzi ataona mauzo, na mimi namwelewa. Pia muulize mtendaji wa kijiji kama kuna sheria ndogo za upikaji na saa za kunywa, maana halmashauri hazifanani.

Jambo moja nilitenge mapema. Hapa tunazungumzia pombe ya kuchachuka: mbege, na kwa wenzetu wa sehemu nyingine komoni, dengelua au ulanzi. Gongo imo kwenye sheria nyingine, ya mwaka 1966, na leseni hii haiihusu. Usipeleke maombi yake kwa mtendaji hata kwa kuuliza tu.

Anza na kalenda kabla ya fomu

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza pesa na muda, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Leseni ya vileo ina vipindi viwili kwa mwaka: kuanzia 1 Aprili hadi 30 Septemba, na kuanzia 1 Oktoba hadi 31 Machi. Haihesabiwi tangu siku uliyolipa. Ukiipata katikati ya Februari, Machi ikiisha nayo imeisha, na unaanza kuhuisha kabla hujauza mapipa manne. Kwa sisi wa Kilimanjaro msimu ni Desemba, watu wanaporudi nyumbani kutoka kila pembe ya nchi, kwa hiyo kipindi cha Oktoba ndicho cha kulenga.

Sasa rudi nyuma. Maombi yako lazima yapite kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake na mtendaji wa kata ndiye katibu. Kikao chake cha kawaida ni kila miezi mitatu. Ukikikosa kimoja, unasubiri kingine. Mwaka wa kwanza nilipeleka fomu yangu siku mbili kabla ya kikao, nikiwa na furaha yote, kumbe ukurasa wa kijiji haukuwa na muhuri. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa msibani wilaya nyingine. Kikao kikapita, Desemba ikapita, nikagawa mbege bure kama kawaida. Tangu hapo namwambia kila anayeniuliza: ukitaka kuuza Krismasi, Julai uwe umeshashika fomu.

Mahali pa kuuzia, na bwana afya

Kabla ya kuomba lolote, tengeneza mahali. Banda lenye paa, sakafu inayosafishika, choo kinachotumika na maji ya kunawa karibu nacho. Kama kiwanja si chako, pata mkataba wa pango. Usichague mahali panapopakana na shule au nyumba ya ibada. Hata kama hakuna aliyekukataza bado, kamati itauliza, na itakuwa na haki ya kuuliza.

Afisa afya wa kata atakuja kukagua. Aliyekuja kwangu hakuanza na choo kama nilivyotegemea. Alifunua pipa, akainama akanusa, akauliza maji ninayochanganyia mso yanatoka wapi na kama yamechemshwa. Kisha akaligeuza pipa tupu lililokuwa uani asome maandishi ya chini yake. Lilikuwa pipa la bluu la plastiki nililolinunua sokoni, na kumbe lilikuwa limebeba kemikali ya kiwandani. Akaniambia nilitoe siku ileile, na nilitoa. Chachu hula sukari, haijui kusafisha sumu iliyokwishaingia kwenye plastiki. Tumia mapipa na ndoo zilizotengenezwa kwa ajili ya chakula, zenye vifuniko, na kata za kunywea uzisuuze kwa maji yanayotiririka badala ya kuzichovya zote kwenye beseni moja.

Wewe na yeyote atakayekusaidia kuhudumia mtapimwa afya, na cheti chake hurudiwa kila miezi sita. Ripoti ya ukaguzi uiombe kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri. "Nimeshamwambia mtendaji" haitoshi.

Karatasi

Kitambulisho cha taifa au namba ya NIDA. TIN, namba ya mlipakodi, kutoka mamlaka ya mapato TRA, ambayo hutolewa bure. Anayekutoza kwa ajili yake anakuibia. Mkataba wa pango au uthibitisho wa umiliki. Ripoti ya afisa afya na vyeti vya kupima afya. Toa nakala mbili za kila kitu kabla hujaondoka nyumbani.

Fomu yenyewe

Fomu ya maombi ya leseni ya vileo iko kwa afisa biashara wa halmashauri. Siku hizi halmashauri zinapokea maombi ya leseni kwa mfumo wa mtandaoni wa TAUSI wa TAMISEMI, unaojisajili kwa namba ya NIDA na TIN. Kama simu yako haikuruhusu, nenda ofisini na vitambulisho vyako uombe kusaidiwa. Usimpe mtu wa kibanda cha intaneti nywila yako akabaki nayo.

Kwenye aina ya leseni, angalia vizuri. Unaomba ya pombe za kienyeji. Ukichagua ya baa utalipishwa ada ya baa na kukaguliwa kama baa, na bado haitakusaidia kuuza mbege.

Ukiwa na fomu, safari inaanzia chini kwenda juu: mwenyekiti wa kitongoji, serikali ya kijiji au mtaa, kisha kata. Polisi nao huandika maoni yao. Usiruke hatua. Mwenyekiti wa kitongoji anayekuta jina lako limeshafika kata bila yeye kujua ana kila sababu ya kukupinga kikaoni.

Mimi nilifanya jambo moja ambalo halimo kwenye fomu yoyote. Nilipita nyumba kwa nyumba kwa majirani watano wa karibu kabisa, nikawaambia nataka kuuza siku gani na nitafunga saa ngapi. Mama mmoja mwenye watoto wanaosoma alisema hataki muziki. Nikamwahidi, na kikaoni alipoulizwa akasema tumeshaelewana. Kamati husikiliza sauti kama hiyo kuliko karatasi kumi.

Kamati ikiridhia, omba muhtasari wa kikao uliosainiwa. Huo ndio unaoambatanishwa na maombi kwenda mamlaka ya leseni za vileo ya wilaya. Wakikubali, utapewa namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, ulipe benki au kwa simu. Kiasi cha ada kiulize kwa afisa biashara, na usimkabidhi mtu fedha taslimu mkononi kwa sababu yoyote. Risiti ya mfumo ndiyo malipo.

Kama ni siku moja tu

Huenda hutaki kilabu cha kudumu. Unataka tu kuuza siku ya tamasha la kijiji au harambee ya zahanati. Sheria inayo leseni ya muda kwa shughuli kama hizo. Muone afisa biashara mapema, ukiwa na barua ya mtendaji inayotaja tarehe, mahali na saa. Kibali cha sherehe na muziki kinaombwa peke yake. Leseni ya vileo haikibebi.

Na ukianza kufikiria kuitia kwenye chupa na kuipeleka dukani, hiyo ni safari nyingine. Hapo kuna TBS, shirika la viwango, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia usalama wa chakula, na kuna TRA. Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakupe ushauri na barua ya utambulisho.

Ukishaipata

Ibandike mahali mteja anapoiona akiingia. Soma saa zilizoandikwa na uzifuate, hata kama pipa bado lina nusu na wimbo ndio kwanza umenoga. Aliye chini ya miaka 18 haumuuzii, hata akitumwa na baba yake. Mwambie baba aje mwenyewe. Weka daftari la tarehe uliyochanganya kila pipa, maji uliyotumia na aliyesaidia, maana mtu akilalamika tumbo, daftari hilo ndilo utakalomwonyesha bwana afya.

Kuhuisha usisubiri tarehe ya mwisho. Februari ikianza, angalia vyeti vya afya kama vinakaribia kuisha, mwite bwana afya arudi, na uingie kwenye mfumo kabla ya foleni ya Machi haijaanza. Kwa kipindi cha Oktoba fanya hivyohivyo mwezi Agosti.