Kabla ya kuleta kuku wapole uani

Mtu anayetafuta kuku mpole huwa anataka mambo mawili kwa pamoja: kuku atakayekubali kubebwa na mtoto, na kuku asiyegombana na wenzake. Ya kwanza unaweza kuyapata. Ila kuku anayetulia mikononi mwako mara nyingi ndiye huyo huyo anayefukuzwa chakulani na kudonolewa kichwani. Kwa hiyo kabla ya kuchagua mbegu, amua nani ataishi na nani.

Mfano mzuri ni Silkie. Ni mbegu ya China, yenye ngozi nyeusi, vidole vitano kila mguu na manyoya laini kama pamba. Haruki, na hukaa mapajani kama paka. Lakini manyoya hayo hayashikani kama ya kuku wengine, hivyo mvua humpenya mpaka ngozini, na kishungi humziba macho asimwone anayekuja kumdonoa. Uzito wake ni kama kilo moja na kitu tu. Ukimweka na Rhode Island Red, kuku hodari anayependa ubabe, utamkuta kajibanza pembeni na njaa. Mtafutie wenzake wa kimo chake, banda kavu na kichanja kilicho karibu na sakafu. Jambo jingine, hupenda mno kuatamia. Anayetaka vifaranga atafurahi, anayetaka mayai atachoka naye.

Kwa anayeanza, mimi ningemwelekeza kwa Orpington, hasa wa rangi ya dhahabu. William Cook alianza kumtoa huko Orpington, Kent, Uingereza, mwaka 1886, akitaka kuku wa nyama na mayai kwa pamoja. Ni mzito, mtetea hupita kilo 3, kwa hiyo uzio mfupi humtosha. Uzito huo huo una madhara: akiruka kutoka kichanja kirefu huumiza nyayo, jeraha likaingia uchafu na kuvimba. Kisizidi nusu mita. Waaustralia walimchukua Orpington mweusi wakamfanya Australorp, naye ni mtulivu vilevile. Katika msimu wa 1922–1923 kuku sita wa mbegu hiyo walitaga mayai 1,857 kwa siku 365. Hao walikuwa kuku wa mashindano, waliochaguliwa mmoja mmoja. Wako hawatafika huko, na si kosa lako.

Sussex na Plymouth Rock nao ni wazuri na hawana mambo mengi. Faverolles wa Ufaransa, mwenye ndevu, ni mpole kupita kiasi. Naye pia, kama Silkie, huonewa na kuku wababe. Brahma na Cochin ni majitu matulivu, ila wana manyoya mpaka miguuni. Tope huganda humo, na utitiri wa magamba ya miguu hujificha usionekane mapema. Kama uwanja wako haukauki, waache. Leghorn si mkorofi, ni mwoga tu: hutaga sana, lakini ukimkaribia tayari yuko juu ya paa.

Mbegu peke yake haitoshi. Kifaranga ambaye hajawahi kuguswa na mkono wa mtu hukua akiukimbia, hata awe Orpington. Jizoeshe kukaa chini kati yao kila siku, uwalishe kiganjani, na umshike kwa kumjia ubavuni. Mkono unaotoka juu kwake ni mwewe. Watoto wanawe mikono kwa sabuni wakimaliza, na wasiwabusu vifaranga hata kidogo, kwani kuku mzima kabisa anaweza kubeba salmonela, vijidudu vinavyoharisha watu.

Jogoo je? Mayai hayamhitaji. Na ukinunua vifaranga wasiotambuliwa jinsia, takribani nusu watakuwa majogoo. Kwa Silkie unaweza kusubiri miezi kadhaa kabla ya kujua. Jogoo aliyekuwa akilala mkononi mwako anaweza kukurukia miguuni akishabalehe. Panga mapema utawapeleka wapi, na uulize kama sheria za unapoishi zinaruhusu jogoo.

Anza na watatu au zaidi, maana kuku wa peke yake hunyong'onyea. Ukiongeza wapya, watenge mwezi mmoja kwanza, kisha uwaingize wawili au watatu kwa mpigo. Mgeni mmoja hupokea kipigo cha banda zima.

Siku ya kwenda kununua, usiangalie vifaranga tu. Omba uonyeshwe mama na jogoo waliowazaa, kwa kuwa hasira nayo huweza kurithiwa. Ukiona mwenye kuku anaingia bandani na fimbo mkononi, rudi nyumbani na tenga lako tupu.