Somo: Kupima ari na moyo wa mtoto wa mbwa wa kazi (msinifuate tena inboksi)

Wakuu, kila wiki naletewa picha ya watoto sita wamelala, "nichukue yupi?" Kwa picha sijui. Naandika mara moja tu.

1. Subiri wiki ya 7. Ukichelewa hadi ya 8–10, wengi huwa kwenye kipindi cha woga na utawahukumu bure.

2. Mwone mama yao. Akijificha uvunguni, nenda zako.

3. Mpime mmoja mmoja, mahali asipopajua, akiwa macho na hajashiba.

4. Sauti. Hapa ndipo nilipoumia. Niliangusha kifuniko cha sufuria, wenzake wakaruka, mmoja hata sikio halikucheza. Nikasema huyu simba, nikalipa. Kumbe kiziwi! Kwa hiyo usitafute asiyeshtuka. Kushtuka ni haki yake. Tazama anachofanya baadaye: anarudi kunusa, au anabaki kwenye kona? Angusha kitu hatua kadhaa kutoka alipo, nyuma yake, juu ya mkeka, maana kiziwi huhisi mtikisiko wa sakafu ukadhani amesikia. Mara moja inatosha. USIMRUSHIE, na usirudierudie. Utamharibu wewe mwenyewe. Kiziwi wa sikio moja humgundui hivi, huyo ni wa kipimo cha daktari.

5. Buruta kitambaa. Akikiuma na kung'ang'ania, vizuri. Kisha kitupe kwenye majani marefu. Wengi hufukuza kinachokimbia. Anayeendelea kukitafuta kwa pua baada ya kukipoteza ndiye mwenye ari. Kurukaruka na kung'ata viatu ni kiherehere tu.

6. Mpitishe kwenye sakafu ya kuteleza.

MASWALI

— Mkuu kwa kifupi, dume au jike?
Somo liko juu.

— Wangu ana miezi 5, anabweka kila mgeni. Si ndio ujasiri?
Anabweka akisogea mbele au akirudi nyuma?
— Akirudi nyuma.
Basi umejijibu.

— Nimepima wawili. Mmoja alikimbia, baada ya sekunde kama tano akarudi kunusa kifuniko. Wa pili alisimama kimya, mkia chini. Huyu si mtulivu zaidi?
Swali zuri. Huyo ameganda, hajatulia. Mtulivu mwili wake ni laini, anaangalia sauti ilikotoka. Mimi ningemchukua wa kwanza, ila wapime tena siku nyingine, mahali pengine. Na usiape kwa matokeo: wiki ya 7 inakuonyesha mtoto wa siku ile, malezi yanabadilisha mengi. Ndiyo maana vikosi vingi hununua mbwa waliokwishatimiza mwaka.

— Nyongeza: rekodi kwa simu, utazame bila sauti. Mkia na masikio utayaona vizuri zaidi.
Hii naichukua. Na kila mtoto apewe kitambaa chake, mate ya ndugu yake yanamvuruga.

— Yule kiziwi ulimrudisha?
Nipo naye. Anafuata mkono wangu kuliko wenzake wanavyofuata sauti, ila kamba simfungulii nje ya uzio.