Jinsi ya kujenga atomi kwa njugumawe na ulezi

Kabla hujagusa penseli, nenda sokoni. Pale Majengo, Dodoma mjini, akina mama wa nafaka hupima njugumawe kwa kopo, na ukiomba kwa adabu watakuchambulia nyekundu peke yake na nyeupe peke yake. Nunua kidogo za kila rangi. Ongeza ulezi wa kujaza kiganja. Nyumbani tafuta sahani ndogo, kijiti, na sehemu ya uwanja iliyofagiwa vizuri. Kwa kazi ya leo huhitaji kifaa kingine.

Nafundisha kemia katika shule ya kata upande wa Chamwino, na somo la muundo wa atomi nalipenda kuliko mengine yote. Mwanafunzi akilishika, jedwali la elementi, ioni na namna elementi zinavyoungana vinamfungukia vyenyewe. Asipolishika, atakariri mpaka kidato cha nne. Miaka yangu ya mwanzo nililifundisha vibaya. Nilichora sodiamu ubaoni, maduara matatu na nukta zake, darasa zima likanakili. Kwenye jaribio nikauliza magnesiamu. Zaidi ya nusu ya darasa walinichorea sodiamu ileile. Walikuwa wameshika picha, hawakuwa wamehesabu chochote. Tangu siku hiyo, darasani kwangu hachori mtu kabla ya kuhesabu.

Basi tuzipe mbegu majina. Njugu nyekundu ni protoni, yenye chaji chanya. Nyeupe ni neutroni, isiyo na chaji. Nimechagua njugumawe kwa sababu nyekundu na nyeupe zinakaribiana ukubwa, na protoni na neutroni nazo zina masi karibu sawa. Punje ya ulezi ni elektroni, yenye chaji hasi. Elektroni ni nyepesi mno: ungehitaji kama 1,836 kufikia masi ya protoni moja. Ndiyo maana tukihesabu masi ya atomi, elektroni hatuziingizi.

Tuanze na sodiamu. Kwenye karatasi ya mtihani utaona alama Na, na kushoto kwake namba mbili: juu 23, chini 11. Ile 11 ni namba ya atomi, yaani idadi ya protoni. Anzia hapo siku zote. Hesabu njugu nyekundu 11, ziweke kwenye sahani. Ile 23 ni namba ya masi, yaani protoni na neutroni kwa pamoja. Toa 11 kwenye 23, unabaki na 12. Weka nyeupe 12, changanya. Sahani hiyo sasa ni kiini cha atomi ya sodiamu.

Kila mwaka nasahihisha madaftari yaliyoandikwa kwamba sodiamu ina neutroni 23. Anayefanya kazi na sahani halifanyi kosa hilo, kwa sababu akiweka nyeupe 23 juu ya nyekundu 11 anapata 34, na anaona mwenyewe kwamba sahani imezidi.

Sasa elektroni. Atomi ambayo haijapoteza wala kupokea kitu haina chaji, kwa hiyo hasi lazima zilingane na chanya: nyekundu 11, ulezi 11. Weka sahani chini, uizungushie maduara kwa kijiti. Hayo ndiyo maganda. La kwanza, lililo karibu na sahani, linabeba punje 2 tu. La pili linabeba 8. Jaza la ndani kwanza ndipo utoke nje. Kwa sodiamu utaweka 2, kisha 8, na punje moja inayobaki itakaa peke yake kwenye ganda la tatu. Tunaandika 2, 8, 1. Fanya vivyo hivyo kwa alumini, ile ya sufuria zetu: namba ya atomi 13, namba ya masi 27. Utapata neutroni 14 na mpangilio wa 2, 8, 3.

Ganda la tatu lina uwezo wa kubeba hadi elektroni 18, lakini kwa elementi 20 za mwanzo, ambazo ndizo utakazoulizwa, likifika 8 punje inayofuata inakwenda ganda la nne. Kalsiamu basi ni 2, 8, 8, 2. Shika hilo, maana ndipo wengi wanapopotea.

Mwaka mmoja, tukiwa tumechuchumaa chini ya mkwaju wa shule, msichana mmoja mkimya wa kidato cha pili alichukua njugu nyekundu moja kutoka kwenye sahani yake ya sodiamu akaniinulia.

"Mwalimu, hii ikitoka, bado ni sodiamu?"

Nikamwambia, "Hesabu, mwanangu, kisha nenda kwenye jedwali."

Akahesabu 10. Akaingia darasani, akasimama mbele ya jedwali la ukutani, akarudi mbio. "Neoni!"

Ni kweli. Nyeupe zake zilikuwa 12, nyekundu 10, jumla 22, na neoni yenye masi 22 ipo, imo ndani ya hewa tunayovuta. Hebu fikiri. Sodiamu ni metali laini inayokatwa kwa kisu na inayochachamaa ikigusa maji. Neoni ni gesi isiyoungana na kitu. Tofauti ya utambulisho wao ni njugu nyekundu moja. Swali la yule binti limenisaidia kufundisha kuliko maelezo yangu yote ya awali, na kila mwaka nalirudia kwa darasa jipya: mwenye kuamua atomi ni ya elementi gani ni protoni peke yake. Wala usidhani unaweza kuitoa kwa moto wa jikoni au kwa tindikali. Mabadiliko ya kikemia hayafiki kwenye kiini, yanahusu ulezi tu.

Kwa hiyo rudisha nyekundu yako, sasa ondoa ule ulezi mmoja wa ganda la tatu. Nyekundu 11, ulezi 10. Bado ni sodiamu, ila imebaki na chanya moja ya ziada. Tunaiita ioni. Jenga klorini pembeni, namba ya atomi 17, mpangilio 2, 8, 7. Mpe punje uliyoiondoa kwa sodiamu. Ganda lake la nje limefika 8, naye sasa ana hasi moja ya ziada. Chanya na hasi zinavutana, na hapo umepata chumvi, hiyohiyo unayotia kwenye mlenda.

Imebaki nyeupe. Ukibadilisha idadi ya neutroni bila kugusa nyekundu, elementi ni ileile ila masi imebadilika. Hizo ni isotopu. Mkaa wetu ni kaboni, na kaboni nyingi ina protoni 6 na neutroni 6. Chache mno zina neutroni 8, ndiyo kaboni 14, na kiini chake hakitulii. Kila baada ya miaka kama 5,730, nusu yake inakuwa imekwisha kugeuka. Ndiyo saa wanayotumia wachimbaji wa mambo ya kale. Huku kwetu Kondoa, katika pango la Kisese, walifukua vipande vya maganda ya mayai ya mbuni, na kaboni 14 ikaonyesha kwamba vya chini kabisa vimepita miaka 40,000. Nyeupe mbili za ziada kwenye sahani ndizo zilizotupa habari hiyo.

Kuna jambo moja ambalo sahani inadanganya, nalo ni ukubwa. Usiliache. Chukua punje moja ya ulezi, nenda uwanja wa mpira, iweke katikati kabisa. Punje hiyo, ya karibu milimita moja, sasa ndiyo kiini kizima, protoni na neutroni zote. Simama kwenye mstari wa goli, rafiki yako asimame goli la pili. Upana wa atomi ni kama mara 100,000 ya kiini chake, kwa hiyo elektroni za nje zingekuwa hapo mliposimama. Nilipofanya hivi na darasa langu, upepo wa Agosti ulipeperusha punje na hatukuiona tena. Kijana mmoja akauliza kutoka golini, kwa sauti ya juu, kati yetu pana nini. Hapana kitu. Na karibu masi yote ya atomi imo kwenye ile punje tuliyoipoteza.

Hivyo ndivyo Ernest Rutherford alivyogundua mwaka 1911 huko Manchester, Uingereza. Wenzake, Hans Geiger na Ernest Marsden, walielekeza chembe za alfa, yaani chembe ndogo mno zenye chaji chanya, kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja kana kwamba hapana kitu. Chache sana ziligonga na kurudi nyuma. Elektroni ilikwishajulikana tangu 1897 kwa kazi ya J. J. Thomson, ila neutroni ilisubiri hadi 1932, James Chadwick alipoithibitisha.

Tena, elektroni haikimbii kwenye mstari wa duara kama mtoto anayezunguka uwanja. Maduara unayochora yanaonyesha viwango vya nishati. Chora kama mtihani unavyotaka, lakini ujue hivyo.

Sasa ficha njugu zako zote, chukua penseli. Chora potasiamu: namba ya atomi 19, namba ya masi 39. Kiini kiwe na protoni 19 na neutroni 20. Elektroni ziwe 2, 8, 8, 1. Kama ganda lako la tatu lina 9, toa njugu, rudi uwanjani, panga upya punje kwa punje.